Naomba Unirudishie Bonde la Mlango wa Nyuma

Kwa Fundi Mkuu wa Bodi na Rangi,
maarufu kama Fundi Kioo,
Gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI NZURI KUPITA KIASI

Mheshimiwa Fundi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua chako kikiwa salama dhidi ya vumbi la msasa, na kompresa yako ikiendelea kuwaamsha majirani. Mimi ni yule mwalimu wa jiografia mwenye gari jeupe. Nilikuja kwako na mkwaruzo mmoja tu kwenye bampa, ulioachwa na mkokoteni wa mbao uliokuwa na haraka kuliko mimi.

Utakumbuka maneno niliyokuambia, kwa maana niliyasema nimesimama chini ya kibao chako. Nilisema, "Fundi, nataka lirudi kama lilivyokuwa." Mimi nilimaanisha kama lilivyokuwa kabla ya mkokoteni. Wewe ukaelewa kama lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Sote wawili ni wasemaji wa Kiswahili, tena wa kutegemewa, na tazama tulipofikia.

Niliporudi kulichukua ulivuta turubai kwa mbwembwe, ukasimama pembeni umefunga mikono. Gari liling'aa hadi nikaona vinyweleo vya pua yangu mlangoni. Nilikushukuru, nikakupa mkono, nikaenda nyumbani nikiimba. Hayo nayakubali. Matatizo yalianza siku iliyofuata, na kwa heshima zote nayaorodhesha hapa chini.

1. Gari langu limepotea. Simaanishi limeibiwa, lipo, ila halionekani. Zamani nilikuwa natoka sokoni na vikapu, natupa jicho mara moja, naliona limekunja uso miongoni mwa magari mengine, nalifuata. Sasa magari yote meupe ni ndugu wa tumbo moja. Juzi nilifungua mlango ambao haukuwa umefungwa, nikapakia viazi, nikakaa, nikarekebisha kioo cha juu, na humo kiooni nikamwona mama mmoja amekaa kiti cha nyuma ananyonyesha. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza kama mumewe ndiye aliyenituma niwapeleke nyumbani. Kwa aibu, nusura niwapeleke.

2. Umeharibu ushahidi. Lile bonyeo pana kwenye boneti halikuwa la ajali. Ni shemeji yangu, kaka wa mama watoto, alikaa pale apigwe picha. Ni mtu wa mwili, na picha ilitoka vizuri. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kuazima gari sikuhitaji kumkatalia. Nilimtembeza tu mbele ya boneti taratibu, mikono nyuma, nikikohoa kidogo, naye alikumbuka mwenyewe kwamba ana baiskeli. Baada ya kazi yako alikuja, akalizunguka gari, akapapasa boneti, akaniuliza kwa mshangao ni gari gani hilo watu wanalodai aliwahi kulikalia. Barua hii naiandika Jumapili. Jumamosi nzima lilikuwa kwake.

3. Umenibadilisha tabia. Nilikuwa mtu mstaarabu, Fundi. Waulize jirani zangu. Barabarani madereva wengine walinipisha, wakijua kwamba mtu mwenye gari lile hana cha kupoteza. Sasa wananichomekea kutoka pande zote, na mimi ndiye ninayefunga breki roho mkononi. Naegesha mbali na kila kitu chenye uhai. Watoto wakicheza mpira natoka dirishani kichwa na mabega. Nimemfukuza paka wa jirani kwa maneno ambayo katika miaka yangu yote ya ualimu sijamwambia mwanafunzi, hata wale wa kidato cha pili. Mama watoto anasema tangu tuoane sijawahi kumtazama yeye kwa makini kama ninavyotazama bampa. Anasema ni utani, lakini hacheki.

4. Hapa naomba uzime kompresa, usome polepole.

Mlango wa nyuma, upande wa kushoto, chini kidogo ya kitasa, palikuwa na bonde. Nyumbani tuliliita hivyo, Bonde, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye somo, nilikuwa nawaambia watoto kwamba ndilo bonde pekee nchini lisilo na mto. Lilichimbwa na marehemu baba yangu. Alikuwa anatoka getini kinyumenyume, Mama amekaa pembeni yake. Mama alimwambia kuna nguzo. Baba akasema ameiona. Basi.

Baba hakukubali kamwe kulinyoosha. Alisema nguzo ndiyo iliyosogea.

Sasa Mama ana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, sura hazioni tena. Nikimtoa anashika gari kuanzia kwenye buti, anakuja nalo taratibu kwa kiganja hadi afike kwenye Bonde. Hapo kiganja kinatua, anatulia, anasema kwa sauti ya chini, "Nilikwambia." Kisha anashika kitasa na kupanda. Kila safari, Fundi. Hatumsemeshi mpaka amalize.

Wiki ile uliyotukabidhi gari nilimtoa nje kumpeleka kanisani. Kiganja kikaanza kwenye buti, kikaja, kikafika mlangoni, kikapita. Akakirudisha. Kikapita tena. Akaniuliza gari la nani hili. Nikamwambia ni letu, Mama, limetengenezwa. Akasema baba yako hakuwa na gari la namna hii, akageuka, akarudi ndani kwa kupapasa ukuta. Mpaka leo ameapa hapandi. Analiita gari la wageni. Anaamini nimeliuza la Baba na ninamficha, na mezani ananijibu kupitia wajukuu.

Kesho asubuhi anatakiwa hospitali ya macho. Tumeingoja zamu hiyo mpaka nikamzoea karani wa mapokezi kama shangazi yangu. Amesema haendi. Akiikosa hatujui ataitwa tena lini, na vivuli vyenyewe vinazidi kuungana. Nimembembeleza nimechoka. Nilichukua mchi wa jikoni nikatoka nao usiku nilirudishe Bonde mwenyewe. Nilisimama mbele ya ile rangi yako, nikanyanyua, mkono ukagoma. Umeifanya nzuri mno. Nilirudi ndani na mchi wangu nikaona uchungu kweli.

5. Kwa hiyo naomba rasmi unirudishie mabonyeo yangu. Bonde liwe na kina cha kukaa kiganja cha bibi mwenye mikono midogo, kingo zake zisikate, na rangi ichubuke kidogo upande wa kitasa, maana ndipo kidole gumba kilipokuwa kinapumzika. Ukihitaji kifaa halisi, nguzo bado ipo getini. Boneti usihangaike nayo kwa nyundo. Nitakuletea shemeji, yupo tayari kwa picha nyingine.

Pia naomba uongeze neno kwenye kibao chako. Baada ya "TUNANYOOSHA KILA KITU" andika "BAADA YA KUULIZA." Mahali pa kuandika papo, nimepatazama.

Ukikataa, sitakushtaki popote. Nitakusifu tu. Nitakusifu shuleni, sokoni na kanisani, kwa sauti, hadi foleni ya magari ifike barabara kuu na usipate hata nafasi ya kunywa chai. Tafadhali usinifikishe huko.

Nisalimie fundi wa kuchomelea, mwambie jicho lake moja jekundu limenitia wasiwasi, avae miwani. Msalimie mama wa chai, na mbwa wenu anayelala chini ya magari, na wateja wote wanaosubiri kwenye lile benchi bila kujua kinachowasubiri.

Wako aliyenyooshwa,

Mwalimu wa Gari Jeupe

Nyongeza: Fundi, usifanye lolote kati ya niliyoomba hapo juu.

Baada ya kuandika nilimsomea Mama, ajue kwamba ninapigania haki yake. Kwenye habari za shemeji alicheka hadi akajifuta macho. Nilipomaliza namba nne alisema hakujua kwamba huwa tunamsikia. Kisha akasema bonde la kugongwa kwa makusudi analitaka la nini, baba yako hakugonga makusudi. Nikamwambia basi sina njia nyingine. Akaagiza viatu vyake viwekwe mlangoni. Asubuhi ilipofika alikubali kupanda, akiwa amenuna, mkoba kifuani, kama abiria asiyemwamini dereva.

Mimi kwa furaha nilirudi nyuma haraka. Pale getini alisema, bila kugeuza kichwa, kuna nguzo. Nikamuuliza ameionaje. Akasema haijahama. Nikamwambia nimeiona, Mama.

Ni mlango uleule, Fundi, chini kidogo ya kitasa. Rangi yako ililia kabla yangu. Nilishuka nimeshika kichwa. Alishuka na yeye, kwa mlango wa upande wa pili, akazunguka kwa kushika buti, akaja na kiganja chake taratibu hadi kikatua. Akatulia. Akasema, "Nilikwambia." Sijui alikuwa ananiambia mimi au marehemu, ila kilio kilinishika palepale nimesimama. Yeye alinigusa begani akasema tunachelewa.

Jicho la kwanza limeshafanyiwa upasuaji. Bonde naomba uliache kama lilivyo. Njoo na taa ya nyuma tu, ya kushoto, na uirudishe kama ilivyokuwa kabla ya nguzo, si kabla ya hapo.