Magugu ya Kitaalamu

Nyaishozi, Karagwe
12 Machi 1987

Kwa Katibu,
Kamati ya Ruzuku Ndogo za Utafiti wa Migomba

Ndugu Katibu,

YAH: MAGUGU YANAYOMKOSESHA BINTI YANGU MUME

Nakusalimu kwa heshima, na kama umenizidi umri, shikamoo. Mimi ni Anastazi Hategekimana, mkulima. Nyumba yangu imezungukwa na kibanja cha migomba ambacho hadi mwaka juzi wapita njia walipunguza mwendo ili wakitazame.

Mwaka juzi huo kijana wenu Melkiory alikuja na ruzuku yenu ndogo, kuchunguza kama palizi na nyasi za kutandaza hupunguza fukusi wanaotoboa migomba. Hongereni. Ila ruzuku ilikuwa ndogo kweli: jirani yangu Xaveri akapata nyasi, samadi na vibarua, mimi nikapata kibao cha bati. Kinasema SHAMBA LA KULINGANISHIA, LISIGUSWE. Yaani nisipalilie, nisitandaze, nisikate hata jani bovu, ili Xaveri akilinganishwa na mimi aonekane hodari. Nilikubali kwa kuipenda elimu. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Magugu yamefika kifuani. Kuku akiingia humo tunamwombea. Mke wangu alisahau jembe lake ndani, na kwa kuwa hatuna ruhusa ya kufyeka, hatulitafuti.

2. Kijiji kinasema nimezidiwa na pombe ya rubisi. Si kweli, Ndugu Katibu. Nakaa mlangoni nikitazama magugu, kama mlivyoagiza. Kulima kila mtu anaweza. Kutolima, huku mikono inawasha na jirani anakucheka akiwa juu ya samadi ya bure, hiyo ni kazi ya moyo, na hamkuitengea fungu.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Jumapili ijayo mzee Aristides wa Nkwenda anakuja kumposea kijana wake binti yangu Speciose. Huku kwetu mposaji hatazami sura kwanza, hutazama kibanja. Kikiwa kichafu, husema binti naye hakufunzwa jembe. Huaga kwa adabu na harudi. Na Speciose anampenda yule kijana. Juzi alisimama mbele ya kibao akaniuliza, "Baba, na mimi ni wa kulinganishia?" Nililia, wala sioni haya kuliandika.

Nilimweleza Melkiory. Akasema nikipalilia hata mstari mmoja utafiti wote umekufa, na ninyi hamtampa ruzuku tena. Kijana wa watu alikuwa karibu kulia na yeye, nikashindwa kumfukuza.

Kwa hiyo naomba:

(a) Magugu yote yang'olewe Jumamosi, yawekwe kivulini na kumwagiliwa, kisha Jumatatu yarudishwe, kila moja kwenye shimo lake.

(b) Hilo likishindikana, Xaveri ahamie kwangu siku hiyo, nami kwake. Mkewe amekubali, Xaveri bado.

(c) Hilo nalo likishindikana, Kamati nzima ije Jumapili na suti, iketi upande wetu, imweleze mzee Aristides kwamba magugu haya ni ya kitaalamu. Ukiona vyaelea vimeundwa. Na haya yameundwa, tena kwa ruzuku.

Wasalimie wajumbe wote, mhasibu, na fukusi mnaowafuga huko maabara kama wapo. Wa kwangu hawajambo, wamenenepa.

Wako katika ujenzi wa taifa na ustawi wa magugu,

Anastazi Hategekimana

N.B. Barua hii ilikosa basi la Kayanga, na Jumapili imepita. Mzee Aristides alifika, akasimama mbele ya kibao, akakisoma, akakirudia mpaka tukaogopa. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kwamba kibanja chake huko Nkwenda kiko vilevile tangu mgongo ulipomshinda, na alikuwa akiiogopa siku tutakayokwenda kumtembelea. Posa imekubaliwa, na Speciose anaimba tangu asubuhi. Basi yote niliyoandika hapo juu yafuteni. Magugu yabaki, kibao kibaki. Ombi langu ni moja tu: kama ruzuku yenu ndogo imesaza kipande cha bati, mwandikieni na mkwe wangu mzee Aristides kibao chake, kabla mke wangu hajaenda kukagua kwao.