Mazoezi ya Magunia

Kocha Pumzi alikuwa amekimbia mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili alikuwa anafukuzwa. Hilo halikumzuia kuwa kocha. Ukocha ulimjia asubuhi moja akiwa amesimama mbele ya jengo la ghorofa tatu, hana kazi, hana miadi, anangoja tu siku imwonyeshe la kufanya.

Chini ya jengo lile palikuwa na ghala la unga. Mwenye ghala alikuwa anazunguka lori lililojaa magunia, mikono kiunoni, kwa sababu wapagazi wake walikuwa wamehamia kwa tajiri mwingine. Pembeni, watu wa ofisi za juu walikuwa wanapanda ngazi wakihema. Karani mmoja, tumbo limemtangulia, alisimama ngazi ya sita akashika ukuta.

"Daktari kaniambia nifanye mazoezi," alimwambia mwenzake. "Nitayafanyia wapi na kazi hizi?"

Pumzi akamtazama karani. Akayatazama magunia. Akamtazama tena karani, kwa upendo mkubwa.

Kabla ya saa sita alikuwa ameshamwambia mwenye ghala kwamba ana vijana kumi na wawili wa kushusha kila lori, malipo yapitie kwake. Na watu wa ngazini alikuwa ameshawaambia kwamba ana programu ya afya ya siku tisini, ada kila mwanzo wa mwezi. Akanunua filimbi. Tangu hapo wabebaji wakawa wanamlipa ili wabebe, na mwenye mzigo anamlipa kwa kubebewa. Wezi wa kawaida huvunja mlango. Huyu alifunguliwa, akakaribishwa na kiti.

Mwenye ghala alipowaona "vijana" wenyewe, mdogo wao akiwa na miaka arobaini na mitatu, alimvuta Pumzi pembeni.

"Hawa ndio vijana?"

"Bosi, wewe unanunua umri au unanunua kazi?"

Mafundisho aliyanakili kutoka kwenye kalenda iliyotundikwa duka la dawa. Kila alfajiri aliwapanga mstari, akapuliza filimbi, akasema kwa sauti nzito: "Glasi mbili za maji kabla ya chai. Chai bila sukari. Simu isilale kitandani na wewe. Na usijiambie utaanza Jumatatu, maana Jumatatu nayo itakwambia hivyohivyo. Vuta pumzi. Beba." Kisha yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na chai yake yenye vijiko vinne vya sukari, akahesabu mizunguko.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, mjane wa miaka hamsini na minne. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi kwa sababu ya kisukari, na daktari alimwambia wazi kwamba asipoitumia atakuja kuikosa. Wenzake walikuja kupunguza tumbo. Yeye alikuja kuiokoa miguu. Alibeba nusu gunia, polepole, na hakukosa hata siku moja.

Aibu ya mambo haya ni kwamba yalifaa. Mwezi wa pili karani alipanda ngazi zote huku anapiga mluzi. Na fundi, siku moja akiwa peke yake chumbani mwake mwa kushonea, alikanyaga pini iliyoanguka, akaisikia. Akakaa chini, mguu mkononi, akalia kwa furaha.

Jioni ileile alishuka kununua unga. Mwenye ghala akampimia huku anamsifu.

"Mnafanya kazi safi, mama. Na kocha wenu namlipa vizuri kwa kila lori. Natumaini anawafikishia."

Fundi alikaza fundo la mfuko wake. "Anatufikishia," akasema, akachukua unga wake, akapanda. Usiku huo hasira na shukrani zilimgombania mpaka usingizi ukamchukua. Kulipopambazuka alikuwa ameamua: shukrani atampa, lakini kwanza amfanyishe mazoezi.

Siku tatu baadaye alimletea Pumzi mgeni aliyevaa suti ya kijivu iliyompwaya, faili kwapani.

"Kocha, huyu ni mkurugenzi. Amesikia habari zako."

"Nina wafanyakazi mia na ishirini," mkurugenzi akasema. "Wote wana matumbo."

Pumzi akameza mate. "Pole sana, mheshimiwa. Matumbo tunayaweza."

"Tatizo ni bodi yangu. Haiamini maneno. Inataka nishuhudie kocha mwenyewe akishusha lori zima, peke yake. Tena kuna fomu ya kusaini."

Pumzi alisaini palepale. Fomu ilikuwa na mistari minne, lakini macho yake yalikuwa yamebaki kwenye ile mia na ishirini ya mstari wa kwanza, hayakushuka tena.

Asubuhi iliyofuata magunia yalikuwa sitini. La kwanza alilibeba anatabasamu. La tano tabasamu lilibaki upande mmoja. Wanafunzi wake walijipanga ukutani wakimtia moyo kwa maneno yake mwenyewe.

"Vuta pumzi, kocha," karani alimwambia.

"Sina."

"Usijiambie utamalizia Jumatatu."

Gunia la sitini aliliburuta kwa magoti. Alipoinua kichwa, mkurugenzi hayupo. Akajikokota mpaka kwa mwenye ghala kudai malipo ya lori lile, angalau.

"Nimeshamkabidhi fundi," mwenye ghala akasema, akamwonyesha karatasi. "Si umeagiza mwenyewe? Malipo yote ya kushusha, kuanzia leo, apewe fundi kwa niaba ya kikundi. Sahihi hii si yako?"

Ilikuwa yake, na ilikuwa nzuri sana.

Alipanda ngazi kwa makalio, moja moja, kumfuata fundi. Fundi alimpokea mlangoni, akamvutia kiti, akamwekea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Tia miguu, mwanangu."

"Mama, umenidhulumu."

"Wewe umebeba siku moja tu, tena bure. Sisi tumebeba miezi miwili na tulikulipa." Akarudi kwenye cherehani. "Lakini miguu yangu inasikia. Kwa hilo nakushukuru, na ndiyo maana sikwenda polisi."

Pumzi akatia miguu, akafumba macho. "Na yule mkurugenzi?"

"Shemeji yangu. Suti ni ya mteja, anaifuata sasa hivi."

Kweli, haikupita dakika tano mteja akaingia, mtu mnene, jasho linamtiririka, amejishikilia mlangoni kwa ajili ya ngazi zile chache. Pumzi alifumbua jicho moja. Mikono ilikuwa imekufa, mgongo umekufa, ila ulimi ulikuwa haujabeba gunia hata moja.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "kwani kwa siku unakunywa glasi ngapi za maji?"

Mteja akamgeukia, macho yamemtoka kwa hamu. "Kwa nini? Wewe ni daktari?"

"Ni kocha wetu," fundi akadakia, bila kuinua uso kwenye mshono. "Kujiunga ni bure, baba. Tunaanza kesho alfajiri, na gunia la kwanza atakubebea yeye, akuonyeshe."