Kitundu Kwenye Kofia ya Rubani

Jumatatu, 3 Machi 1969. Masasi.
Mwalimu Yeremia amefika kutoka Dar es Salaam. Atatufundisha kurusha ndege ndogo ya misheni ndani ya mawingu, kwa kutazama tu saa za vipimo zilizo mbele ya rubani. Wanafunzi ni wawili: mimi Isaka na Ambrosi. Leseni zetu ni za siku za jua. Atakayefaulu ndiye atakayepeleka wauguzi Newala masika yote. Lazima niwe mimi. Ambrosi hata baiskeli humshinda.

Jumanne, 4 Machi.
Tunavalishwa kofia yenye ukingo mrefu, tusione nje. Unaona saa tu: ya kimo, dira, na ile inayoonyesha kama mabawa yamelala upande. Ambrosi aliyumba hadi akatapika. Mimi niliyumba kumzidi. Tuliposhuka nikaomba nikaisafishe ile kofia. Uungwana tu. Nimeitoboa kitundu kwa msumari wa moto.

Jumatano, 5 Machi.
Ushindi. Kupitia kitundu niliona majabali ya Masasi, barabara, hata nguo zilizoanikwa Lisekese. Nilinyooka kama uzi. Mwalimu alisema hajapata kuona mwanafunzi wa namna hii. Ambrosi alinipa mkono, uso umemshuka. Kisha Mwalimu akaongeza kwamba, kwa kuwa nimeiva, kesho twende kwenye mawingu ya kweli, Newala. Hilo sikulitegemea.

Ijumaa, 7 Machi.
Jana sikuandika.
Tuliingia winguni karibu na Newala, Ambrosi kiti cha nyuma. Kitundu kikaonyesha weupe mtupu. Mwili uliniambia tumenyooka. Saa ikasema bawa la kulia limelala. Niliuamini mwili. Ninao tangu kuzaliwa, saa nimeijua juzi. Dira ikazunguka hadi kusini. Kusini ni Ruvuma, na ng'ambo kuna Wareno na mizinga yao. Nyuma yangu Ambrosi alikuwa anasali kwa Kiyao.
Mwalimu akauliza taratibu, "Isaka, Msumbiji unakwenda kwa nani?"
Nikazidi kuukaza usukani.
"Toa mikono."
Nikatoa. Akatazama saa, akanyoosha mabawa, akageuza. Kisha wingu likachanika, na chini nikaona mikorosho ya Chilangala. Sijapata kuipenda mikorosho kiasi kile. Tulipotua Masasi, Ambrosi alinikumbatia tukalia kama watoto. Mwalimu akaichukua kofia, akanitazama kupitia kitundu. Hakugomba. Alisema Ambrosi ataendelea na masomo. Mimi nisiguse ndege siku isiyo na jua. Nilishusha pumzi. Niko hai, ni nani mimi kubishana?

Jumapili, 9 Machi.
Nimelala usingizi mzito, nimeamka mwepesi. Nimetoa shukrani kanisani. Mke wangu, Mama Bertila, alinishika mkono mlangoni: "Baba Bertila, Mungu amekurudisha. Sasa tulia." Nikamwambia nimetulia.
Baada ya ibada watu walinizunguka, nikawasimulia tulivyotoka winguni. Huenda sikumtaja sana Mwalimu. Shemeji Dominic akavutiwa, akaomba nimwahishe Newala kesho kwenye mkutano wa korosho. Nimemkubalia. Wanasema kutakuwa na ukungu, lakini ukungu si wingu. Ufunguo wa ndege anao Ambrosi. Alasiri hii ana mazoezi ya kwaya, na koti huliacha mlangoni.