Uji wa Mahari kwa Mtungi wa Kampuni

Jumatano, 7 Agosti 2024
Jumamosi tunapeleka uji Gachoka, kwa kina Wawira, msichana ambaye mwanangu Adrian anataka kuoa. Wazee wao wakionja na kuupenda, mazungumzo ya mahari yanaanza. Wasipoupenda, tunarudi Muthara na mbuzi wetu. Ntinyari, mke wa ndugu ya mzee wangu, amesema tubebe na kibuyu chake. Kibuyu. Mimi, ambaye mtoto wangu ako kampuni kubwa, ile ya sabuni ya unga, dawa ya meno, mafuta ya nywele, hata dawa ya kusugua choo. Adrian amenikumbusha kwa simu ati yeye hupakia makatoni tu. Kijana mnyenyekevu. Kampuni yote inapitia mikononi mwake.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimepata. Nitabeba na ule mtungi wa Lainisho alioniletea Adrian Krismasi, dawa ya kulainisha nguo. Unanukia maua. Gachoka wasome jina kabla hata hatujasalimiana. Nimeusuuza kidogo tu. Nikisugua sana, karatasi ya jina itabanduka. Uji wa mtama umeingia wote.

Ijumaa, 9 Agosti
Umechachuka ajabu. Povu mpaka kwa kifuniko. Nikamwita Ntinyari aone. Akanusa, akauliza kama leo nimefua. Wivu.

Jumamosi, 10 Agosti
Gari limeutikisa njia yote. Nikaweka mtungi mbele ya wazee, jina likiwaangalia. Mzee Gachoki, babake Wawira, akapewa wa kwanza. Akameza. Akacheua. Kiputo kikamtoka mdomoni, kikaelea juu ya mbuzi, sote tukakifuata kwa macho mpaka kikapasuka. Akaniuliza, Mama Adrian, mmekuja kuoa ama kufua? Shosho yao, nyanya yake Wawira, akaomba aongezwe, ati tumbo lake liko na makunyanzi. Adrian akaangalia viatu vyake. Wawira alicheka mpaka akashikilia ukuta, kisha akaninong'oneza nisijali, bado anamtaka. Msichana wa maana. Lakini wazee walimsikia Ntinyari akitaja kibuyu chake, wakakata shauri: turudi mwezi ujao na uji wake. Kwa kibuyu.

Jumapili, 11 Agosti
Nimefikiria kanisani, mahubiri yote. Kosa lilikuwa maua. Nani hula maua? Adrian anasema kuna mtungi wa sabuni ya kuoshea vyombo, harufu ya ndimu. Ndimu ni chakula. Nimemwambia Ntinyari apike tu, mimi nitamsaidia kubeba. Vibuyu huvunjika njiani.