Jinsi Ewesit Alivyotafsiri Vidole vya Mwendwa

Sogeeni, enyi wenye masikio, na hata ninyi mliokuja kuota jua tu! Zimeni simu, wekeni vikombe chini, na yule anayetafuna miraa huko nyuma atafune polepole, maana leo nawasimulia vita vilivyopiganwa mjini Isiolo, ndani ya hoteli ya mabati ya Mwendwa binti Marete, vita ambavyo havikumwaga damu wala chai, na shujaa wake ni Ewesit mwana wa Lomuria, dalali wa mbuzi, simba wa lugha nne, ingawa ile ya nne aliijua kwa salamu na matusi tu.

Hali ilikuwa mbaya, jamani. Mama aliyekuwa akimletea Mwendwa maziwa ya ngamia alikuwa amehama na mifugo yake kuelekea Sericho kufuata mvua, na tangu siku hiyo Mwendwa akawa anapika chai kwa maziwa ya pakiti. Watu wa Isiolo husamehe mengi, lakini chai mbaya hawasamehe. Mmoja mmoja walivuka barabara wakaketi kwa Fardosa, hasimu wake, wakanywa huku wakimtazama bila haya. Mwendwa akaapa kwamba asipopata maziwa wiki hiyo atafunga mlango na kurudi Meru kwa kaka yake Mutea, ambaye alimwambia tangu mwanzo kwamba hoteli haitaenda popote.

Ndipo ikavuma habari kwamba Mzee Guracha, Mborana mwenye ngamia, amepiga kambi karibu na mji. Akaalikwa, naye akakubali kuja. Lakini mzee hakujua Kiswahili, na Mwendwa hakujua Kiborana hata cha kufukuzia mbwa. Ewesit, ambaye hakuna aliyemwomba, akainuka kutoka kwenye benchi lake la kila siku pale hotelini akajipiga kifua.

"Mama, niachie mimi!" akanena. "Kiborana nimekinyonya sokoni. Neno lako litatoka kwangu vile limeingia, bila mkwaruzo!"

"Sawa," akasema Mwendwa. "Lakini ukiniharibia, hiyo benchi utaiona na macho tu."

Guracha akaingia na fimbo yake, kilemba cheupe kichwani. "Salaam aleikum," akasema, na Mwendwa akaitikia vizuri. Kisha mzee, kama ilivyo desturi ya kwao, akafungua lango la salamu: Nyumba ina amani? Watoto wana amani? Mifugo ina amani? Mvua je? Malisho je? Ewesit akazipokea moja moja na kuzitafsiri, jasho likimtiririka mgongoni.

"Mwambie niko mzima," Mwendwa akakatiza. "Tuongee maziwa, sufuria inachemka."

Mfasiri mwoga angelisema vivyo hivyo, na maziwa yangeliishia hapo. Ewesit akamgeukia mzee akamwaga Kiborana kirefu chenye vituo: kwamba nyumba ina amani, sufuria ina amani, na hata paka wa jikoni, Mungu ashukuriwe, amelala kwa amani.

"Mimi nimesema kidogo," Mwendwa akanung'unika. "Mbona wewe umehubiri?"

"Kiborana ni kirefu, mama."

"Haya. Sasa muulize, ako na ngamia ngapi? Nijue kama maziwa itatosha." Na ili mzee aelewe upesi, mama wa watu akanyoosha mkono mbele ya pua yake akaanza kuhesabu vidole.

Lahaula! Enyi wasikilizaji, hamjui alichokifanya. Mborana hahesabiwi mifugo usoni pake. Anayeihesabu anaialikia fisi, ukame na jicho baya. Guracha aliviona vile vidole. Uso wake ukakunjamana, mkono ukaishika fimbo, akaanza kuinuka, na ng'ambo ya barabara wateja wa Fardosa wakanyoosha shingo. Ewesit akaiona hoteli ikifungwa, na moyo ukamwuma kwelikweli, maana alimpenda Mwendwa zaidi ya alivyowahi kusema. Kudanganya kuhusu swali asingeweza. Vidole vilikuwa vimekwisha kusema, navyo vingemsuta.

"Mzee wangu, baba wa malisho!" akanguruma kwa Kiborana. "Mama huyu anakuombea! Anasema: Mungu akujalie ngamia hata vidole vya binadamu vishindwe. Tazama mwenyewe, amejaribu kwa mkono mmoja, umemshinda!"

Mwendwa, akidhani mzee bado hajaelewa, akaongeza mkono wa pili.

"Na wa pili nao!" akapaza Ewesit. "Masikini, vimemwishia!"

Guracha akamtazama mama yule aliyesimama na vidole kumi hewani. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Kisha akamsogelea, akamshika mikono yote miwili, akaitemea mate kidogo viganjani. Tuu!

"Uuuwi! Amenitemea! Ewesit, huyu mzee amenitemea!" Na Mwendwa akaanza kuitafuta aproni yake ajifute.

Shujaa akaruka kati yake na aproni. "Usipanguse! Nakuomba, mama, usipanguse! Hiyo ni baraka. Mzee hatemei mtu hajampenda. Ukipangusa mbele yake, umepangusa maziwa!"

"Na nikae hivi mpaka lini?"

"Mpaka aende."

Ole wake, kuaga kwa Kiborana nako hakuna haraka. Mzee aliahidi maziwa ya kila asubuhi, kisha akaibariki nyumba, jiko, barabara na vizazi, naye Mwendwa akasimama mikono mbele, akitabasamu kwa meno tu, na sufuria ikachemka mpaka ikakauka.

Kulipokucha, madumu ya maziwa yakashuka kutoka kwenye bodaboda, yakinukia moshi mtamu wa vibuyu vya kambini. Kabla jua halijakaza, jeshi lote lilikuwa limevuka barabara kurudi, na mbele yao alitangulia mume wa Fardosa. Mwendwa akaijaza glasi ya kwanza, akamwekea Ewesit kwa mikono yake mwenyewe.

"Lakini hukuniambia," akasema. "Mzee alisema ako na ngamia ngapi?"

Ewesit akapuliza povu, akanywa, akafumba macho.

"Alisema wanatosha chai."

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe za mataifa, na kama wino ni haba futeni vita vingine vyovyote: asubuhi hiyo Isiolo ilikunywa chai.