Bibi wa Honokaa Asifu Besi

Jumatatu, 3 Machi

Albamu yetu ya pili ina siku tatu tangu itoke. Asubuhi Kehau, mtangazaji wa redio hapa Hilo, Hawaii, kasoma maoni ya wasikilizaji. Nikakaa na kalamu. Wa kwanza: sauti ya Kaipo ni asali. Wa pili: Kaipo, Kaipo, Kaipo. Wa tatu, fundi bomba wa Keaau, anauliza ni mwehu gani aliyekata beti.

Mwehu ni mimi. Katika nyimbo za hula, ngoma yetu ya asili, kila ubeti huimbwa mara mbili, mchezaji aucheze kulia kisha kushoto, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Nikaona watu wa leo hawana subira, mara moja inatosha. Kaipo, binamu yangu na mwimbaji wetu, aliuliza wachezaji watafanyaje. Nikamwambia watazoea. Na besi je? Hakuna hata mmoja aliyeitaja. Gitaa la besi napiga mimi!

Jambo zito ni hili. Jumamosi tunapiga kwenye karamu ya Anti Luika, mwalimu wa hula. Hapo ndipo ataamua kama shule yake icheze wimbo wangu kwenye tamasha la mwakani. Nilimtungia marehemu mama, kuhusu maua yake ya tangawizi. Nautaka uchezwe.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni mali! Nimewaandikia barua redio. Jina: Bibi Emalia. Umri: miaka themanini na minne. Makazi: Honokaa. Anasema nyimbo fupi zinayafaa magoti yake. Tena hiyo besi, wajukuu zangu, hiyo besi! Niliposoma tena nikatokwa na chozi. Bibi mzuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Kehau kaisoma mara mbili. Nimeng'ara. Kisha akauliza hewani: Emalia wa ukoo gani?

Kisiwa hiki bwana! Huwezi kununua hata mkate bila kuulizwa mama yako nani na ulisoma wapi. Kufika mchana watu ishirini wamepiga simu. Mmoja anamjua, alikaa karibu na kiwanda cha sukari cha zamani. Mwingine alishamzika. Kehau anataka bibi aje Jumamosi avikwe shada la maua. Anti Luika, ambaye ni mzaliwa wa Honokaa hukohuko, kanipigia kusema hamkumbuki huyo mama, lakini kamtengea kiti cha mbele.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alizoea kusema. Yangu ni maili arobaini, mpaka Honokaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika tena: bibi ana mafua, hatakuja. Nikadhani yameisha. Wapi! Redioni zimepelekwa sufuria tatu za supu na mashada kumi na moja. Mtu wa Pahoa anajitolea kumleta kwa pikapu, godoro analo.

Kaipo kaniangalia sana. Kauliza huyo bibi mwenye magoti mabovu aliisikiaje besi, wakati yeye mwenyewe studioni haisikii. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti cha mbele kitupu, shada juu yake. Nguruwe wa kuokwa katolewa shimoni, watu wamekula, tukaanza. Wimbo wa mama ulipofika, Anti Luika akasimama. Akatangaza kwamba atacheza kwa niaba ya Bibi Emalia.

Alicheza upande wa kulia, viganja puani kama anayenusa maua. Vizuri mno. Akajiandaa kugeukia kushoto, nasi tukawa tumeshahamia ubeti mwingine. Kulia tena. Kulia tena. Wimbo ukaisha. Yeye akabaki vilevile, uso kulia, mkono hewani. Hakuushusha.

Bila kugeuza shingo akaniambia, we Palani, mwanangu, ile bustani ya mama yako naijua. Upande wa kushoto kulikuwa hakuna maua?

Watu walicheka mpaka poi, uji wetu wa magimbi, ikamwagika. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza besi upya, Kaipo akaimba beti zote, kila mmoja mara mbili. Anti Luika akageuka kushoto, na kweli nikaiona bustani yote, hadi pale mama alipokuwa anatundika kandambili zake. Nikalia mbele za watu. Kaipo naye. Nampenda yule mjinga.

Anti Luika kakubali! Wimbo unakwenda kwenye tamasha, beti mbilimbili. Kisha akachukua shada la kitini akanivika, akaninong'oneza nimfikishie bibi salamu. Akaongeza kwamba ameishi Honokaa miaka arobaini na hajaona bibi hata mmoja anayesikiliza besi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetubu. Uongo basi. Nimeapa mbele ya picha ya mama.

Jioni Kehau kapiga simu: wasikilizaji wamekodi basi, wanakwenda kumjulia hali bibi Jumatano. Ningefanyaje? Njia ya heshima ni moja tu. Nimemuua. Nimeandika kama mjukuu wake: ametutoka kwa amani, albamu yetu ikilia pembeni. Neno lake la mwisho lilikuwa "besi".

Jumatatu, 10 Machi

Kehau kasoma akilia. Mji mzima unalia. Anti Luika kanipigia, hata salamu hakutoa. Anauliza maziko lini, maana nguruwe wa pili yuko shimoni tayari na shule nzima itacheza. Wasifu wa marehemu nitasoma mimi, maana hakuna aliyemjua zaidi yangu. Nilimsikia kabisa akijizuia kucheka.

Sikuwa na budi kukubali. Niko ukurasa wa tatu sasa, na unakwenda vizuri. Nimegundua marehemu ameacha mdogo wake huko Kohala, mama mmoja mcheshi sana. Naye ana sikio la besi.