Ubeti wa Pili na Kipimajoto cha Mama Watoto

Jumatano, 6 Machi

Natetemeka tangu asubuhi. Nimesema ni baridi. Mama watoto akauliza baridi gani hiyo inayotoa jasho. Akaleta kipimajoto chake kipya, kile cha betri alichonunua duka la dawa, akakisukumia chini ya ulimi wangu. Pii pii pii! 38.6. Hukumu ikatoka hapo hapo: hakuna kuvuka kizingiti mpaka nishuke chini ya 37.5.

Balaa! Jumapili kwaya yetu inaimba mbele ya wageni, na ubeti wa pili ni wangu peke yangu. Nimeungoja tangu mwalimu wa kwaya akiwa na nywele. Nikikosa, anauchukua fundi saa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa besi tangu azaliwe. Jioni kaja kunipa pole. Kaleta machungwa, kisha akaomba karatasi yangu ya maneno, eti aitunze isipotee. Mnafiki!

Alhamisi, 7 Machi

Nimekichunguza kipimajoto. Namba hupanda polepole, ndipo kinalia. Basi kitolewe mapema! Mama watoto alipogeuka kuzima jiko, nikakichomoa kikiwa 36.2, nikalia pii pii mimi mwenyewe, kwa pua. Kazi safi kabisa. Yeye akasema kipimajoto chake hakina tabia ya kutetemesha sauti mwishoni. Tukapima upya: 38.4. Binti yetu kacheka mpaka kapaliwa na chai. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Ijumaa, 8 Machi

Akili ni mali. Leo nimejaza barafu mdomoni, nikaitunza chini ya ulimi mpaka meno yakapiga kelele. Kipimajoto kikaandika Lo. Hata chenyewe kimeshangaa! Mama watoto, anayejua Lo ni joto la chini mno, akapiga ukunga, akidhani ndiyo naaga dunia. Kisha akanigusa paji la uso: moto. Akachungulia kikombe changu: barafu. Nikasomewa karatasi ya maelekezo neno kwa neno, kwamba ukila au kunywa kitu cha baridi au cha moto, ungoje nusu saa. Kuanzia sasa napimwa kwapani, na mkono wangu anaubana yeye. 38.1.

Kupitia ukutani namsikia fundi saa akiufanyia mazoezi ubeti wangu. Anauimba kama mtu anayeita mbuzi.

Jumamosi, 9 Machi

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani. Tangu kumekucha nimejifungia bafuni na mifuko ya barafu, kila kwapa na wake, na vipande vingine mdomoni kwa usalama. Mama watoto kagonga mara mbili, anasema ana neno. Sikufungua. Mtego huo!

Jioni nikajifuta, nikajitokeza kama mtu asiye na habari. 36.1! Yeye akatabasamu tu, akasema alijua, kesho niende nikaimbe. Alijua nini? Hajui kitu! Nimewashinda wote, yeye na mashine yake. Koo linawasha kidogo. Furaha hiyo.

Jumapili, 10 Machi

Ubeti wa kwanza ukaisha vizuri. Mwalimu akaninyooshea mkono. Nikafungua kinywa. Upepo mtupu! Nikajaribu tena, ikatoka sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Fundi saa akaudaka ubeti kutoka mstari wa nyuma, akaumaliza. Mungu anisamehe, aliuimba vizuri. Wageni walisimama kumpigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani mama watoto kanikanda koo kwa kitambaa cha moto. Akauliza taratibu nilikuwa nafanya nini bafuni jana. Sauti sina, nikamwandikia. Akasoma. Kisha akasema jana alfajiri, nikiwa nakoroma, alinipima. 36.8. Homa ilikuwa imeshakwisha. Hilo ndilo neno alilokuja kugonga nalo mlangoni.

Nimelia. Ubeti ule niliutaka kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Mungu si Athumani! Fundi saa kalala na homa. Na mwalimu wa kwaya kaleta habari: tumealikwa tena Jumapili ijayo, wimbo ule ule.

Mke wa fundi saa kaomba aazimwe kipimajoto. Mama watoto akasema apelekewe, jirani ni jirani. Mkono wangu ndio ulioinuka wa kwanza. Kanitazama kwa mapenzi, akasema hatimaye nimekuwa mtu mzima.

Nimebeba na chupa ya chai ya moto. Ya mgonjwa, nimeandika kwenye karatasi. Nitakichovya kidogo tu pale mlangoni kwao. 41 inatosha, wamfungie ndani mwezi mzima. Sauti bado sina, hata ya kupiga hodi, lakini hilo ni jambo dogo.